Ct ya mama imepanda kutoka 18 hadi 33, mbona ndo wamemweka kwenye mashine?

Msomaji aliandika kwa urefu, naweka kiini chake: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, alipimwa korona siku ya tatu ya kuumwa, karatasi ikasema Ct 18. Siku ya kumi na moja, akiwa ICU, wamempima tena imetoka 33, tukaambiwa virusi vimepungua sana, tukafurahi, lakini jioni ile ile wamemwekea mashine ya kupumulia. Kwenye VVU tunafundishwa virusi vikishuka mgonjwa anapata nafuu, sasa huku mbona kinyume? Na je, ile 18 ya mwanzo ndo ilimponza?"

Marahaba ndugu yangu, na pole sana na kuuguza. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali hili watu wengi wanaliuliza nje ya mlango wa ICU, na mara nyingi wanajibiwa haraka haraka na mtu aliye katikati ya zamu, wanaondoka na namba bila maana yake. Kwa kifupi, virusi kupungua na mama kuzidiwa siku hiyo hiyo si mambo yanayopingana, kwa wanaozidiwa ugonjwa huu mara nyingi unapita njia hiyo hiyo. Virusi ndo vilivyoanzisha, lakini kufikia siku ya kumi na moja kinachomnyima hewa kwa sehemu kubwa ni madhara yaliyobaki kwenye mapafu, pamoja na kinga yake mwenyewe ambayo bado imewaka. Wingi wa virusi una maana, tena kubwa, ila inategemea umepimwa wapi na siku ya ngapi, na hayo mawili karatasi ya majibu huwa haiyaelezi.

Tuanze na hiyo karatasi. Mashine ya PCR inachukua chembe za urithi za virusi zilizo kwenye sampuli, inazizidisha mara mbili, alafu mara mbili tena, raundi baada ya raundi, huku kuna rangi inayowaka kadiri zinavyoongezeka. Ct ni ile raundi ambayo mwanga umevuka mstari. Virusi vikiwa vingi mwanga unawahi, namba inakuwa ndogo, vikiwa vichache unachelewa na namba inapanda. Kila raundi tatu na ushee ni tofauti ya mara kumi. Kutoka 18 hadi 33 ni raundi 15, na ukizidisha kwa mbili mara 15 unapita elfu thelathini, yani kwa hesabu ya karatasi sampuli ya pili ina virusi pungufu zaidi ya mara elfu thelathini.

Nasema hesabu ya karatasi kwa sababu kuna swabu katikati. Swabu ikichukuliwa vizuri inapita sakafu ya pua ikilala sambamba na kaakaa, haielekezwi juu, inaingia mpaka inagota kule nyuma pua inapokutana na koo, inazungushwa, inaachwa sekunde kadhaa ilowe, ndo inatolewa, na mgonjwa lazima machozi yamtoke. Sasa mgonjwa aliyechoka, anahema, ana barakoa ya oksijeni ambayo huwezi kuivua kwa muda mrefu, mchukuaji akiogopa kumuumiza anaishia mlangoni mwa pua, na hapo unaweza kupata 33 kwa mtu ambaye ingechukuliwa vizuri ingetoka 26. Alafu mashine tofauti na vitendanishi tofauti vinatoa Ct tofauti kwa sampuli ile ile. Ndo maana mimi sishauri kulinganisha Ct ya hospitali moja na ya nyingine, au ya mgonjwa wako na wa kitanda cha pili, hata kama karatasi zinafanana kabisa.

Sasa VVU. Umelinganisha vizuri na naelewa kwa nini, maana kule wingi wa virusi ndo kila kitu, mtu yuko kwenye dawa anapimwa, akiwa chini ya nakala 1,000 kwa mililita anahesabiwa dawa zinafanya kazi, akifika chini ya 50 maabara nyingi zinasema havionekani. Lakini angalia kinachopimwa. Ni damu, kiasi kinachojulikana, kwa kipimo kilichosanifiwa, na kwa ugonjwa unaokwenda kwa miaka, kwa hiyo namba ya leo na ya mwezi ujao kwa mtu asiyebadili dawa haziachani sana. Maambukizi ya njia ya hewa yanakwenda kwa siku. Namba inapanda na kushuka ndani ya wiki moja, inatoka kwenye pamba iliyogusa pua wakati ugonjwa wenyewe uko kwenye mapafu, na hakuna anayejua pamba ile ilibeba ute kiasi gani. Jina ni lile lile, wingi wa virusi, ila uzito wake ni mwingine kabisa.

Hili la virusi kushuka huku mgonjwa anazama halikuanza na korona hii. Mwaka 2003 wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa kirusi ndugu wa korona hii, madaktari wa Hong Kong waliwafuatilia wagonjwa 75, wakaona virusi vinapanda hadi kilele karibu siku ya kumi alafu vinashuka, lakini kundi la wagonjwa likaendelea kuzidiwa katika wiki ya pili, na katika wiki ya tatu mmoja kati ya watano akaingia kwenye kushindwa kupumua kwa kiwango cha ICU. Waliandika wazi kwamba kuzidiwa kule hakukuelezeka kwa virusi kuzaliana bila kudhibitiwa, bali kwa madhara ya kinga ya mwili yenyewe. Tulikuwa na somo hilo miaka 17 kabla ya 2020, na bado watu walisahau. Korona ya sasa hata iko mbele zaidi, kilele chake puani kinafika mapema, karibu na siku dalili zinapoanza, ndo maana mama yako kuwa na 18 siku ya tatu ni jambo la kawaida kabisa, hata kijana anayekohoa kidogo tu nyumbani anaweza kuwa nayo.

Nzige wakishatua shambani, ukifika kesho yake unaweza usikute nzige hata mmoja, lakini mabua yamebaki hivyo hivyo na huwezi kusema shamba limepona kwa sababu wadudu wameondoka.

Ndani ya mapafu kinachotokea ni hiki. Vifuko vya hewa vina ukuta mwembamba sana, upande mmoja hewa, upande wa pili kapilari, yani mishipa midogo kabisa ya damu, oksijeni inapenya hapo kwa umbali mdogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuuona. Virusi vinaua seli za ukuta huo, kapilari zinavuja, majimaji yenye protini yanajaa kwenye vifuko, yanagandia ukutani kama utando, na zile seli zinazotengeneza mafuta ya kuzuia vifuko visinywee nazo zimeumia, kwa hiyo vifuko vinanywea. Seli za kinga zinamiminika, zinatoa kemikali za kuita nyingine, na kwenye korona damu inaganda ganda kwenye mishipa midogo midogo ya mapafu, kwa hiyo hata kifuko ambacho bado kina hewa damu haikifikii. Mchakato huu ukishaanza una mwendo wake. Hata ungeweza kufuta kila kirusi leo usiku, yale majimaji hayaondoki kesho asubuhi, mapafu yanahitaji siku na wakati mwingine wiki kujisafisha.

Ndo maana sisi tukikaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa kama mama tunaangalia uwiano wa oksijeni kwenye damu ya ateri dhidi ya oksijeni anayopewa kuliko Ct. Tunachukua damu ya mkononi, tuseme shinikizo la oksijeni limetoka 60, na yeye anapewa oksijeni asilimia 80. Unagawa 60 kwa 0.8 unapata 75. Mtu mzima wa afya anayevuta hewa ya kawaida yuko juu ya 400. Kwa vigezo vya mapafu kushindwa kazi ghafla vilivyokubaliwa Berlin mwaka 2012, kuanzia 300 kushuka ni tatizo, 200 kushuka ni la wastani, 100 kushuka ni kali. Namba hiyo, pamoja na jinsi anavyotumia misuli ya shingo kuvuta pumzi na kama anaanza kuchanganyikiwa, ndo zinaamua mashine. Sidhani kama kuna aliyemwekea mama mashine kwa kuangalia Ct, na sidhani kama kuna aliyepaswa kuacha kumwekea kwa sababu Ct imependeza.

Basi je, wingi wa virusi hauna kazi kwa mahututi? Hapana, kazi unayo, na hapa watu wengi wanakwenda upande wa pili kupita kiasi, wanasema ni kinga tu. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya wagonjwa 18 wa mafua ya ndege ya H5N1 huko Vietnam, na waliofariki walikuwa na virusi vingi zaidi kooni, virusi vikaonekana hadi kwenye damu, na ndo hao hao waliokuwa na kemikali za kinga juu sana. Vyote viwili vilipanda pamoja. Yani ile kinga iliyowaka haikuwaka hewani, iliwashwa na virusi vingi visivyozuilika, ndo maana watafiti wale wakasisitiza kuvizima virusi mapema.

Kwenye korona nako picha inakuwa wazi ukiacha pua. Hospitali ya chuo kikuu kimoja New York walichukua majimaji ya ndani kabisa ya njia ya hewa kwa wagonjwa 142 waliokuwa kwenye mashine, wakatoa matokeo 2021: waliofariki walikuwa na virusi takriban mara kumi ya waliopona, na hawakuona kwamba bakteria wa hospitali ndo waliotofautisha aliyekufa na aliyepona. Pia zikionekana chembe za urithi za virusi (RNA) kwenye damu, ni dalili mbaya kuliko Ct yoyote ya pua, kwa sababu inaonyesha ukuta umevunjika na vimevuka. Kwa hiyo mtu akiniuliza wingi wa virusi una uhusiano na ukali, namuuliza kwanza wa wapi. Wa puani, uhusiano upo ila umelegea sana. Wa chini kwenye mapafu au kwenye damu, upo na ni wa kweli.

Kuna ushahidi mmoja naupenda kwa sababu unaonyesha jinsi pua inavyoweza kudanganya. Jaribio la remdesiviri, dawa ya kuzuia virusi, kwa watu ambao hawakuwa wamelazwa, walichomwa mapema kwa siku tatu tu, likachapishwa 2022: kulazwa au kufa kulishuka kwa asilimia 87. Ukienda kuangalia swabu zao za pua, waliopewa dawa na wasiopewa virusi vyao vilishuka karibu sawa. Dawa iliokoa watu na pua haikuonyesha chochote! Angekuwa mtu anafuata Ct peke yake angesema dawa haifanyi kazi.

Na Uingereza waliwaambukiza kwa makusudi vijana 36 wa kujitolea, wenye afya, dozi ndogo sana ile ile kwa kila mmoja, matokeo yakatoka 2022. Nusu yao walishika maambukizi, virusi vikapanda hadi kilele karibu siku ya tano kwa viwango vya juu mno, mamia ya mamilioni ya nakala kwa mililita na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyezidiwa, na wingi wa virusi haukulingana na dalili. Hilo ndo linajibu swali lako la mwisho. Ile 18 haikumponza mama. Umati wa watu wenye 18 hawajui hata chumba cha ICU kikoje.

Kilichomfikisha pale ni kwamba virusi vilishuka kwenye mapafu na mwili wake haukuvizuia mapema vya kutosha. Umri wenyewe unachangia, kisukari, presha, uzito, figo, kama alichanjwa au la. Lakini kuna kitu kingine ambacho kwangu ni moja ya mambo makubwa tuliyojifunza katika janga lile. Mwili una kemikali inaitwa interferoni, ndo inayotolewa saa za mwanzo kabisa kuzuia virusi visizaliane, kabla kingamwili hazijatengenezwa. Mwaka 2020 watafiti walipima wagonjwa 987 waliozidiwa na korona, wakakuta 101 kati yao wana kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe, na kwa wachache ambao damu yao ya zamani ilikuwepo, zilionekana kabla hata hawajaambukizwa. Kwa watu 663 walioambukizwa wakaumwa kidogo au bila dalili hakuonekana hata mmoja. Baadae ikaonekana kingamwili hizo zinaongezeka sana baada ya miaka 70. Yani mtu anaishi vizuri miaka yote na hajui, siku kinapoingia kirusi kipya mlinzi wa kwanza amefungwa mikono, virusi vinazaliana kwa uhuru siku za mwanzo, kinga ya pili inakuja imechelewa na inakuja kwa nguvu zote. Mtu huyo akifika ICU wiki ya pili Ct yake inaweza kuwa 33 kama ya mama, lakini mambo yaliamuliwa siku ya pili au ya tatu.

Kwa hiyo na matibabu yanafuata kalenda hiyo hiyo. Dawa za kuua virusi zina nguvu mwanzoni, oseltamiviri kwa mafua makali inafaa zaidi ndani ya saa 48, za korona ndani ya siku tano hadi saba. Mgonjwa akishakuwa kwenye mashine, jaribio kubwa la Shirika la Afya Duniani halikuona remdesiviri inapunguza vifo. Upande wa kutuliza kinga ni kinyume chake. Jaribio la RECOVERY la Uingereza 2020 lilitoa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, hadi siku kumi. Walio kwenye mashine vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, waliokuwa kwenye oksijeni kutoka 26.2 hadi 23.3, na wasiohitaji oksijeni hawakupata faida, namba zao zilielemea upande mbaya, 17.8 kwa waliopewa dawa dhidi ya 14.0 kwa wasiopewa. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule, tofauti ni mgonjwa yuko hatua gani. Ndo maana huwa naumia nikisikia mtu amenunua deksamethasoni akaanza kumeza siku ya kwanza ya homa, anaizima kinga wakati virusi ndo vinapanda. Na usiichukue hiyo ya korona ukaipeleka kwenye mafua makali moja kwa moja, kule steroidi, yani dawa za kundi la deksamethasoni, zinachelewesha virusi kuisha na takwimu zilizopo zimeegemea kwenye madhara.

Kuna wagonjwa wachache ambao hii kalenda haiwahusu, na hapo ndo mimi mwenyewe nataka Ct irudiwe. Aliyepandikizwa figo, anayetibiwa saratani ya damu, anayetumia dawa za kuzima kinga, mwenye VVU ambaye CD4, yani seli zake za kinga, ziko chini sana. Hao virusi vinaweza kuendelea kuzaliana wiki hata miezi, Ct inabaki 20 siku ya ishirini na tano, na kwao dawa ya virusi bado ina maana hata wamechelewa. RECOVERY hiyo hiyo walipotoa kingamwili za kutengenezwa maabara, faida ilionekana kwa waliolazwa bila kingamwili zao wenyewe, vifo asilimia 24 badala ya 30, wenye nazo tayari hawakufaidika. Zile kingamwili virusi vya baadae vilizikwepa, ila somo limebaki.

Kwa mama yako waulize madaktari mambo haya. Sampuli ya 33 ilitoka puani au ilivutwa kupitia bomba la mashine? Sasa yuko kwenye mashine, nesi anapomvuta makohozi kwa mrija kupitia bomba anaweza kukusanya kwenye kikopo kidogo kinachoungwa katikati, hiyo ndo sampuli ya kweli ya mapafu na haina usumbufu wa pua. Waulize kama makohozi hayo yamepelekwa kuoteshwa bakteria pia, maana mtu kuzidiwa wiki ya pili inaweza kuwa bakteria wameingia juu ya virusi, hata vifo vingi vya mafua ya 1918 vilikuwa na nimonia ya bakteria ndani yake, na hiyo inatibika kwa antibayotiki. Waulize kama wanafuatilia damu kuganda kwenye mapafu. Waulize uwiano wake wa oksijeni leo ni ngapi na jana ulikuwa ngapi, na kama wanamlaza kifudifudi saa kadhaa kwa siku. Mwenendo wa uwiano huo kwa siku mbili tatu utakuambia mengi kuliko Ct tano.

Ile 33 ina faida moja ya kweli kwenu, kwa kiwango hicho mara nyingi virusi hai havioti tena maabara, ingawa kwa mahututi tahadhari za kutenga huwa zinaendelea muda mrefu, hata hadi siku 20, kwa hiyo mkiruhusiwa kumwona vaeni mnachoambiwa. Na waliomuuguza nyumbani zile siku za mwanzo alipokuwa na 18, hasa wazee na wenye kisukari, akianza kukohoa au homa mmoja wao apimwe siku hiyo hiyo na aseme mapema amemuuguza nani, dawa za virusi kwake bado ziko ndani ya muda.